Antivairasi ya Mtani

Kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu iliniambia kwamba sina ruhusa. Iliniambia hivyo asubuhi, mbele ya mteja aliyeleta flashi yake achapishiwe barua ya kuomba kazi, na mimi ni mtu ambaye hasira hainikai mbali. Nina duka dogo la steshenari hapa Songea, karibu na soko. Natoa kopi, nachapa, napiga laminesheni, na siku za misa na harusi natengeneza vijitabu. Kazi zote hizo zinapita kwenye mashine moja, na siku hiyo mashine iliamua kuwa na bwana mwingine.

Ugomvi ulianzia kwenye antivairasi. Muda wake ulikuwa umekwisha, na kila flashi niliyochomeka iliikataa, safi na chafu. Nikaona isiwe tabu, naiondoa naweka nyingine. Nilikwenda mahali pa kuondolea programu, nikabonyeza. Ikaanza kuondoka vizuri, ikafika katikati, ikasimama na kudai neno la siri. Nikajaribu jina langu, jina la duka, namba ya simu. Ikakataa. Nikachomoa waya ukutani.

Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Ilipowaka tena, antivairasi ilikuwa imetoka nusu na kubaki nusu. Nikitaka kuiondoa inaniambia ilishaondolewa. Nikitaka kuweka mpya inaniambia nitoe kwanza ya zamani. Nikaingia kwenye faili zake ili nizifute moja moja kwa mkono wangu, ndipo nikajibiwa kwamba sina ruhusa. Nikapakua kifaa cha kusafishia mabaki ya programu, kwa bando langu, na ile nusu iliyobaki ikakikamata, ikakitia karantini, ikaniandikia kwa herufi nyekundu kwamba imeniokoa na hatari. Baada ya hapo ikafunga na intaneti.

Fundi wa duka la pili alikuja, akatazama, akasema dawa ni kupiga windo upya, mashine ifutwe yote ianze kama mpya. Nilimwambia haiwezekani. Ndani mle mlikuwa na picha za baba, zikiwemo zile mama alizochagua kwa ajili ya kijitabu cha misa yake ya mwaka mmoja tangu afariki, na hakuna flashi iliyokuwa inaruhusiwa kuingia kuzitoa. Fundi alisema anaweza kufungua mashine aichomoe diski, ila ni kuukuu na hawezi kuahidi kwamba itapona. Nikamshukuru, nikafunga mlango, nikakaa.

Ukweli ni kwamba mwenye neno la siri nilimjua. Nilikuwa naogopa kumpigia.

Alikuwa Myao wa Nalasi, kule Tunduru. Miaka kadhaa alifundisha kompyuta kwenye chuo hapa mjini, na alipanga chumba kwetu Matogoro. Sisi ni Wangoni, na Myao kwa Mngoni ni mtani. Anakutukana mchana na jioni mnakula sahani moja. Baba alimwita mateka, kwa vile Wangoni wa zamani waliteka watu vitani. Yeye alimwita baba mkimbizi, kwa kuwa babu zetu, alisema, walifika nchi hii wakihema, wakikimbia vita vya kusini, na mpaka leo hawajapata nafasi ya kufua mashuka. Baba alistaafu akawa anashinda dukani kwangu, akicheza karata kwenye kompyuta, na kila kisanduku kilichomtokea kwenye skrini alikibonyeza. Antivairasi aliiondoa mara nyingi bila kujua. Ndipo mtani akaifungia kwa neno la siri, akamwambia kwamba mkimbizi hapewi funguo za nyumba aliyoikuta. Baba alicheka hadi akakohoa.

Chuo kilipomaliza mkataba wake alirudi Nalasi kwenye mikorosho yao. Baba alipofariki, alikuja siku hiyo hiyo.

Kwetu mazishi hayaendi bila watani. Watu wanalia, na mtani anaingia katikati ya kilio kufanya vituko, mpaka wafiwa wakumbuke kwamba bado wana meno. Huyu alichukua koti la baba, lile la kahawia alilovaa miezi ya baridi ya Matogoro, akalivaa. Akaweka mikono nyuma. Akatembea mbele ya waombolezaji kwa mwendo wa baba, akikohoa mara mbili kabla ya kusalimia, kama alivyokuwa akifanya baba. Mama alikuwa hajala wala hajasema neno tangu hospitali. Alimtazama, na kicheko kikamtoka.

Kaka yangu mkubwa hakucheka. Aliondoka nyumbani kijana, akajenga maisha Dar es Salaam, na utani aliusahau kama mtu anavyosahau njia ya mtoni. Aliona mgeni amevaa koti la baba yake na mama yake anacheka kando ya jeneza. Alimvua lile koti mbele ya watu, kwa nguvu, akamwambia aondoke. Wazee walijaribu kumweleza, hakusikia. Mtani aliondoka bila kula, na bila jogoo anayepewa mtani akishamaliza kazi yake.

Tangu siku hiyo mama alikuwa na neno moja. Alilisema akipepeta mchele, alilisema tukitoka kanisani: tanga la baba yenu halijaanuliwa. Misa ya mwaka ilipokaribia, alianza kuuliza kama yule kijana amepewa taarifa. Nilimwambia nimempigia na simu haipokelewi, na ilikuwa kweli. Sikukuu ya Idi nilimtumia salamu ndefu, akanijibu ahsante. Mama alisema kwamba misa itasomwa na watu watakula, lakini yeye atalala na msiba wake kama kawaida. Iliniuma sana kumsikia. Umri wake si wa kulaza msiba ukisubiri mwaka mwingine.

Basi nilikaa dukani na mashine iliyonikataa, nikafikiri: huyu mtu sina neno la kumwomba kuhusu msiba, lakini hii takataka ni yake. Nikaandika ujumbe. Nilithubutu kutumia jina ambalo baba peke yake alikuwa akimwita. Niliandika: Mateka, kitu chako kimekataa kutoka kwenye nyumba ya watu.

Simu ililia kabla sijaiweka mezani.

"Wakimbizi," alisema, "mmeshindwa hata na kidude cha kompyuta?"

Sauti yake nilikuwa sijaisikia mwaka mzima. Nilimweleza kila kitu, kuanzia waya niliouchomoa, na akanicheka bila huruma. Nikamwomba anitajie neno. Akakataa. Alisema neno la mtani halitolewi kwa simu. Nikamwambia misa ni Jumamosi na mama anamuulizia. Akauliza kama kaka yangu atakuwepo. Nikasema atakuwepo. Akasema, inshallah, na simu ikakatika.

Sikujua inshallah ile ni ya kuja au ni ya kuniaga. Mama sikumwambia.

Ijumaa kaka aliingia nyumbani kutoka Dar, na aliposikia habari ya kijitabu alikuja dukani moja kwa moja. Kaka anafanya kazi ya ofisi na kompyuta anaijua. Aliiwasha kwa ile njia ya dharura, ambapo mashine inaamka na vitu vichache tu, akafuta hiki, akazima kile. Nilimwona akianza kukunja mikono ya shati. Nikamwambia aliyeifunga ni yule mtani. Aliendelea kubonyeza.

Baada ya sala ya Ijumaa mtani alisimama mlangoni akiwa na mfuko wa korosho begani.

Nilimkaribisha kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kaka aligeuka, wakatazamana. Mtani alitoa salamu, ikaitikiwa kwa shida, kisha akaketi kwenye benchi la wateja na kusema hana haraka, atasubiri bwana mkubwa amalize. Nikatamani dari itushukie. Kaka alirudi kwenye mashine, akajaribu tena, na kutoka pale nilipokuwa niliona maandishi yale yale yakimjia: huna ruhusa.

Akasimama, akatoka nje. Nikasema moyoni, ndiyo basi, ameondoka kama alivyozoea, na sasa na huyu ataondoka, na mama atanikuta na wateja na mashine mbovu. Nilikasirika hadi macho yakajaa maji. Mtani alinipa korosho. Alisema za mwaka huu ni tamu, nikazitafuna nikilia, na kweli zilikuwa tamu.

Kaka alirudi tukiwa tumeshakata tamaa, au mimi nilikuwa nimekata. Alikuwa amekwenda Matogoro na kurudi. Mkononi alikuwa na lile koti la kahawia. Siku ya mazishi aliondoka nalo hadi Dar, na mama alikuwa amelitafuta kila sanduku. Sasa alikuwa amelirudisha ndani ya begi lake la nguo, bila kumwambia mtu yeyote.

"Nilidhani unamcheka baba," alimwambia mtani.

"Nilikuwa namcheka," mtani akasema. "Ndiyo kazi niliyoijia."

Kaka alilishika koti kwa mabega, akalifungua, kama unavyomvalisha mzee. Alisimama hivyo, mikono imemnyooka, na mtani hakujifanya mgumu. Aliinuka kwenye benchi, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Kisha akaweka mikono nyuma, akakohoa mara mbili, akamsalimia kaka kwa sauti ya marehemu baba yetu, akimuuliza kama huko Dar wanakula au wanatazama bahari tu.

Kaka alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichochanganyika na kilio, na alijishika kwenye mashine ya kopi ili asianguke. Mwaka mzima nilikuwa nimemkasirikia, na hasira hiyo iliniisha palepale nikimtazama.

Mtani aliketi mbele ya kompyuta bila kulivua koti. Aliigeuza skrini tusione, akaandika neno lake. Aliirudisha kwanza ile antivairasi mahali pake ikiwa nzima, kwa sababu kitu kilichotoka nusu, alisema, hakiwezi kutoka kabisa mpaka kwanza kirudi. Kisha akaiondoa. Ikaondoka yote, kimya, kama haijawahi kutusumbua. Picha za baba zilikuwepo, hata moja haikupotea. Vijitabu tulivichapa jioni hiyo, watatu, mmoja akilisha karatasi, mmoja akikunja, mmoja akipiga pini.

Tulipofika Matogoro mama alikuwa uani anachambua mboga. Aliona koti kwanza. Mtani alikohoa mara mbili, akamwamkia shikamoo, kisha akauliza ni nani kamruhusu mjane kunenepa. Mama alimrushia majani ya maboga. Alicheka akiwa amekaa chini, akapangusa macho kwa ncha ya kitenge, akacheka tena. Kaka alikuwa anamkimbiza jogoo kuzunguka jiko, na viatu vyake vya Dar, na majirani walikuwa wanamshangilia jogoo.

"Sasa baba yenu amelala," mama alisema.

Akasimama mwenyewe, akaenda kuteka maji ya kumpa mgeni aoge.

Jumatatu, kabla ya kupanda basi la Tunduru, mtani alipita dukani akaniwekea antivairasi mpya. Nilimwona akiifungia neno la siri. Nilimwambia baba hayupo tena, hakuna wa kubonyeza ovyo, aniachie wazi. Akasema huyo wa kuchomoa waya ukutani ni mtoto wa nani. Nikamuuliza basi neno lenyewe ni lipi, walau nilijue.

"Siku ukitaka kuitoa," alisema, "utaniita."

Muda wake utakwisha mwakani. Mama ameshaanza kufuga jogoo.