Bakuli Lililorudi Limeoshwa

Iko siku moja haijanitoka, mwanangu Salim, na tangu uliponipigia simu juzi inanijia hata nikiwa juu ya msala. Kaa nikusimulie. Usinikatize, wala usiniambie una kazi.

Uliniomba jambo dogo, kwa maneno yako. Mkeo Asma akija Ijumaa kutoka Nizwa, nimwambie kwamba zile Alhamisi zote ulikuwa kwangu hapa Ibra, na kwamba halua aliyokupa uniletee ilinifika. Haikunifika, Salim. Asma alikwisha kuniuliza kwa simu kama nimeipenda, maskini, nami nikajifanya mtandao unakatika. Mtu mzima na mvi zangu napiga kelele "alo, alo", na huku namsikia kama yupo chumbani. Sikulala vizuri siku ile. Basi ndiyo maana nataka ujue habari ya maji.

Nilikuwa bado bi harusi. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuja mwenyewe mpaka Unguja kuniposa, kwa kuwa yeye na mama yangu walicheza pamoja utotoni kule Unguja, kabla ya watu kutawanyika na jamaa zake kuhamia huku. Alimshika mama yangu mkono akamwambia, "Huyu haendi ugenini, anakwenda kwa mama yake." Nikaja. Sikuwa nikijua lolote la nchi hii ya Kiarabu. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea dini, nikisema neno sokoni watu wanacheka, nami nacheka nao.

Kilichoniteka roho hapa kilikuwa falaji. Wewe umezaliwa nayo, huioni tena. Mimi niliuona mfereji mwembamba unaotoka mbali chini ya ardhi, unapita kwenye milango ya watu, unaingia shamba hili. Likishanywa, mlango wake unazibwa kwa tope na matambara, maji yanakwenda la pili. Na kila nyumba ina zamu yake. Kwetu maji yalikuwa ya bomba na ya mvua. Kusikia kwamba maji yana zamu kama watu kwa kinyozi, kulinifurahisha kuliko dhahabu niliyovishwa.

Baba yako, Mungu amrehemu, asubuhi alikuwa ofisini. Siku ya zamu, baada ya sala ya alasiri, husema, "Nakwenda shamba, leo maji yetu." Nami humtilia vitumbua ndani ya bakuli la buluu lenye mfuniko, na chupa ya kahawa. Akishaondoka najilaza barazani. Alasiri zile naziona mpaka leo: jua limelegea, kuta za udongo zina rangi ya asali, upepo unapita juu ya mitende bila kushuka chini, na maji yananong'ona nje ya mlango. Nilikuwa nikisinzia najiambia, hayo ni maji yetu, yanakwenda kwa mume wangu. Katika usingizi ule mwepesi nilimwona amesimama ndani yake, kanzu ameikunja, ananicheka. Ilikuwa furaha ya kijinga, wala siionei haya.

Na bakuli lilikuwa likirudi limeoshwa. Limeoshwa, limepanguswa, linanukia sabuni. Nikawaambia wanawake wenzangu kwamba mume wangu si kama waume zao, hata bakuli anaosha. Wakatazamana, mmoja akaanza kuzungumzia bei ya samaki.

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka hospitali na habari ambayo sikuweza kuikalisha kifuani. Nilikuwa na mimba. Siku ilikuwa ya zamu, baba yako ameshaondoka, nikajitupia buibui langu nikamfuata shamba, nafuata falaji kama mtu anayeshikwa mkono. Nilikuwa naimba kwa sauti ndogo.

Shamba letu lilikuwa kavu. Ardhi imepasuka, tende za mwaka uliopita zimeoza chini. Maji yalikuwa yakipita kando, yanaingia kwa jirani, na mke wa jirani, bibi mmoja wa Kiarabu, ameinama na jembe lake. Nikamwamkia, nikamwuliza kwa Kiarabu changu cha kuokota mume wangu yuko wapi, maana leo zamu yetu. Alilaza jembe lake chini. Kisha akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba maji yetu baba mkwe wangu aliwakodisha wao kabla hajafa, na kwamba Nasor, baba yako, hajaonekana pale tangu msimu uliopita. Sikumwuliza alipo. Lakini macho yake yalikwenda ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu, kwenye nyumba ya mwanamke mmoja aliyeachwa, na mji mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi.

Mtu wa hapa, hata mtoto, asingedanganyika na maneno yale. Hapa kila mtu anajua maji yanayopita ni ya nani. Ilibidi atafutwe mgeni kutoka Unguja ndiyo aamini. Vitumbua vyangu vilikuwa vikiliwa na mwanamke mwingine, naye, kwa adabu yake, akinioshea bakuli.

Nilirudi nikamkuta bibi yako anachagua mchele ukumbini. Nikamwambia nilichokiona. Mkono wake ulisimama juu ya ungo, na hapo nikaelewa.

"Mama, ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nikijua," akasema. "Kila akisema maji yetu, nilikuwa nikijua."

Hakujitetea. Aliniambia kwamba Nasor ndiye mwanawe wa pekee, ndiye aliyewatoa katika dhiki baada ya kuhama, na aliona akinyamaza nyumba itasimama. Alidhani wajibu wa mama ni kumfunika mwanawe. Kisha akaniambia nililomkumbuka nalo mpaka nilipomwosha siku ya kufa kwake: "Nilimshika mamako mkono. Ukitaka kurudi kwenu, miye ndiye nitakayekurudisha, na nitamwambia sababu kwa kinywa changu. Ukitaka kukaa, kaa. Lakini utakaa ukijua."

Zamu nyingine ikafika. Baba yako akasimama baada ya alasiri, akavaa viatu, akauliza kahawa iko wapi. Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko.

"Maji hatuna, Nasor," bibi yako akamwambia, hata sauti hakuipandisha. "Weye wajua, miye najua, na mkeo sasa anajua. Keti."

Akauliza nani katuambia. Bibi yako akamjibu kwamba ameanza vibaya, aanze tena. Akaketi kwenye kizingiti, akavua viatu. Kisha akanisemesha mimi, si mamake, na akasema yote. Nililia, nikamchukia, nikakaa miezi mingi nalala chumba cha bibi yako. Uzuri wa falaji ulikwisha kwangu, ikawa mfereji tu.

Sikukaa kwa sababu nilikosa pa kwenda. Nilikaa kwa kuwa niliachiwa nichague nikiwa macho. Mwaka uliofuata baba yako alikwenda kwa jirani, akaomba zamu irudi kwetu. Akarudi jioni na matope mpaka magotini, na bakuli la buluu ni chafu, limegandana tende na tope. Nililishika lile bakuli nikalia upya, kwa namna nyingine. Toka siku hiyo halikurudi safi tena.

Sikuambii haya kumtia aibu marehemu. Ni yeye aliyeniachia ruhusa, aliponiambia, "Salim akija kupotea njia niliyopotea mimi, mwambie." Na mimba niliyokwenda nayo shamba siku ile, mwanangu, ilikuwa yako. Ulikuwepo.

Kwa hiyo hili ndilo neno langu, kwako na kwa ndugu zako. Wajibu wa jamaa si kumsitiri mtu wetu ili aendelee kumla mwenzake akili. Mke uliyemtoa kwao amekuja kwa imani ya nyumba nzima, si yako peke yako, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliompokea. Akikuacha, atakuacha akijua. Akikusamehe, atakusamehe akijua. Kumnyima hilo ndiyo khiana kubwa kuliko huyo mwanamke wako wa Alhamisi.

Mwambie Asma kabla ya Ijumaa. Ukinitangulia, nitakaa kando nikuombee. Usiponitangulia, akifika hapa na kuniuliza, mtandao hautakatika tena. Nitamwambia, "Mwanangu, halua yako haikunifika."

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema kweli na moyo wa kuibeba, Asma amtulizie kifua chake kwa lolote atakalochagua, na nyumba yako aitie baraka. Na kila utakapoingia kwako, mwanangu, akujaalie uingie na matope miguuni.