Kanisa Lisilotaka Chuma

Niliambiwa kwamba kule juu milimani, upande wa Iringa, kuna kanisa la mbao lililojengwa enzi ya Mjerumani bila msumari hata mmoja, na kwamba kanisa hilo halitaki chuma. Ukiingia nacho, hata sindano, mapaa yanaguna. Ukikaidi, jengo zima linasogea hatua tatu na kukuacha umesimama nje. Aliyeniambia alikuwa dereva wa lori la viazi, na aliapa huku ameweka kiganja kwenye boneti ya moto. Mtu aliye tayari kuungua kwa ajili ya neno lake, utambishia nini? Niliamini yote, na zile hatua tatu nikazifanya tano nilipowasimulia wengine.

Wakati huo, mwishoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa seremala katika kijiji cha wakulima wa mpunga huko Usangu, mkoa wa Mbeya. Nilijifunza kusoma nikiwa na ndevu, kwenye darasa la jioni, na darasa lenyewe lilikuwa ndani ya ghala la mpunga. Kila mavuno tulifukuzwa na magunia. Tukachoka. Sisi wanafunzi, baba na mama za watu, tulifyatua matofali mabichi tukasimamisha kuta za darasa letu wenyewe. Zikabaki bila paa, maana misumari ilikuwa imeadimika. Ukiiulizia dukani, muuzaji anakutazama kama umemposa mama yake. Mvua za Novemba zikizikuta kuta zile wazi, zingerudi kuwa tope.

Nilishajaribu vigingi vya mti badala ya misumari. Baada ya wiki mbili vilichomoka vyenyewe, na kenchi yangu ya kwanza ya kubebea paa ikalala chini kama mlevi. Ndipo nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikasema nakwenda kulitazama kanisa la milimani, nitarudi na siri yake, na paa litapanda kabla ya mvua.

"Mhehe wewe," alisema mtani wangu, Mngoni niliyekaa naye benchi moja darasani, "kutoka hapa hadi kwako tu unapotea. Kanisa utalionea wapi?"

"Nikilikosa nitarudi kukuuliza wewe. Si babu yako alikwenda kuliteka akashindwa kulibeba?"

Watu wakacheka, lakini ahadi ilishanitoka mdomoni, na ilinitoka mbele ya mke wangu. Hapo hakuna kurudi nyuma.

Nilipanda lori mpaka barabara ilipochoka, kisha nikatembea siku mbili katikati ya mashamba ya pareto na viazi, mpaka kivuli changu kikaomba kupumzika. Baridi ya kule inaweza kugandisha salamu kabla haijafika kwa unayemsalimu. Nilipoliona kanisa, jeusi kwa uzee, limekaa kwenye ukungu juu ya kilima, sikukimbilia mlangoni. Nilichutama kwenye kichaka cha mianzi nikajivua chuma: mkanda kwa sababu ya bizimu yake, kisu, ufunguo, sarafu, na katambuga zangu za matairi, kwa kuwa zilipigiliwa misumari midogo. Nyundo na patasi nilikuwa nimeziacha nyumbani makusudi. Nikaingia peku, na uzi wa kupimia tu.

Paa likaguna.

Nikatoka mbio, nikajipekua kama polisi anavyompekua mwizi. Kiunoni mwa suruali nikakuta kikulabu cha chuma. Nikaking'oa kwa meno. Nikaingia tena, suruali nimeishikilia kwa mkono wa kushoto, na paa lilipoguna mara ya pili sikutoka. Nikasema moyoni, liniangukie likitaka, lakini zile kona nitaziona kwanza.

Mama mmoja mzee, mtunzaji wa kanisa, alinikuta hivyo hivyo, macho juu, suruali mkononi.

"Kamwene, mwanangu. Choo kiko nyuma."

"Shikamoo, mama. Sitafuti choo. Natafuta kigingi."

"Marahaba. Kigingi gani tena?"

Nikamweleza habari ya kuta zetu na mvua. Kuhusu chuma nilinyamaza, kwa aibu ya suruali. Akanipeleka kwenye kona, akanionyesha boriti mbili zilivyoshikana: ulimi wa moja umeingia kwenye tundu la nyingine, kigingi kimepita katikati. Nilikivuta kwa vidole vyote. Hakikutikisika.

"Vyako ulichonga mti gani?" akauliza.

"Mti ule ule wa boriti, siku ile ile."

"Mbichi kwa mbichi! Sasa visisinyae kwa nini? Vya hapa alichonga baba yangu. Mama akavianika kwenye uchaga juu ya jiko mwezi mzima, mpaka ukivigonga vinalia kama mfupa. Boriti mbichi, kigingi kikavu. Boriti ikisinyaa inakibana yenyewe."

Sikungoja kesho. Nilirudi nyumbani nikachonga vigingi elfu moja, au tuseme mia tatu, nikavigawa kila jiko la kijiji vikafukizwe moshi.

"Mke wangu anauliza," mtani akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya mfereji, "hivi vinaiva lini tule?"

Viliiva mawingu yakiwa yameshajaa. Tulikata boriti mbichi asubuhi, tukazitoboa mchana, tukagonga vigingi siku nne mfululizo, na mtani huyo huyo ndiye aliyefunga nyasi za mwisho. Ikanyesha mvua ambayo vyura wenyewe waliikimbia. Kuta zikasimama kavu.

Baada ya mavuno nilimpelekea yule mama mchele. Alinikuta kwenye mianzi, napanga ufunguo na katambuga chini.

"Unavua viatu, na baridi hii?"

Safari hii nikamweleza yote, na hatua tano za dereva. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akaniingiza ndani na kuniweka mbele ya ukuta ambao mara ya kwanza sikuutupia jicho, maana mimi nilitazama kona tu.

"Hii si misumari?" akasema, huku akipitisha kidole kwenye vichwa vyeusi, safu kwa safu. "Kanisa limejaa misumari. Iliwaishia wajenzi walipofika hapa dirishani, ndipo baba akaambiwa achonge vigingi. Na paa linaguna kwa sababu ya upepo. Vaa viatu, mwanangu."