Kiingereza cha Unga wa Chapati

Mimi Wambeti sikukanyaga shule, na herufi za kwanza nilizojua ni za Kihindi. Wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nilifanya kazi jikoni kwa Mama Vimla, mke wa Mhindi mwenye duka pale Embu. Yeye alijifunza Kiingereza kwa kukiandika na herufi za kwao, kwa kidole, juu ya unga wa chapati. Sauti ambazo Kihindi hakina alizichorea kijimwezi juu. Nami akanifundisha kuzisoma.

"Ukiona mwezi, Wambeti, panua mdomo!"

Basi mama yangu akaugua huko Timau, na bila pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, ulikuwa huendi popote. Gichovi, mkalimani wa D.O., yule afisa mzungu aliyetoa pasi, alitaka kuku ndipo anisemee. Nikakataa.

"Haya, ongea na mzungu mwenyewe!" akanicheka mbele ya foleni.

Nikamwomba Mama Vimla aniandikie ombi langu kwenye unga. Maneno nikiyasikia tu hunitoka, nikiyaona hukaa. Nikayasoma na kuyasoma, mpaka chapati zikachelewa na mumewe akanung'unika.

Kesho yake nikamwambia D.O. kwa Kiingereza kwamba mama ni mgonjwa Timau, naomba pasi nikamwone. Penye mwezi nilipanua mdomo kama mtu anayeng'olewa jino. Mzungu hakumwuliza Gichovi kitu. Akagonga muhuri.

"Wewe Wambeti, umesomea wapi?" Gichovi akauliza.

"Jikoni. Njoo na wewe, utafundishwa."

Nikashika njia siku hiyo hiyo. Mama nilimkuta hai, nikamnywesha uji kwa mkono wangu.