Gramafoni ya Bibi Ilivyokwenda Qurum

Kwetu Darsait, hapa Maskati, mgeni akisifu kitu chako, unamwambia, "Chukua, chako." Yeye anakataa. Unamwambia tena, anakataa tena, kisha mnakunywa kahawa. Mara ya tatu husema yule tu anayetoa kweli. Jambo hili nalijua tangu mdogo.

Bibi alipokwenda umra, alikuja jamaa mmoja wa marehemu babu kumsalimia, akanikuta peke yangu. Alikuwa amefungua mkahawa Qurum. Akaiona gramafoni ya bibi, akaisifu sana. Imetengenezwa Marekani, ya zamani, haitumii umeme, unaitia ufunguo kwa mkono. Babu alitoka nayo Unguja, na kila Ijumaa baada ya alasiri bibi husikiliza sahani moja ya nyimbo, ileile aliyoipenda babu. Nikasema chukua, chako. Akakataa. Nikasema tena, akakataa. Kikapita kimya. Kukaa kimya mbele ya mtu mzima siwezi, nikasema mara ya tatu.

Akaibeba pamoja na sahani yake, akamwombea babu dua.

Zilikuwa zimebaki siku nane bibi arudi.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Qurum kuiomba. Mkahawa ulipambwa kwa picha za miji ya Marekani ya zaidi ya miaka mia iliyopita, na gramafoni iko katikati, imezungushiwa kamba. Jamaa akanikaribisha chai ya maziwa. Nikaona haya kuiomba. Ili nisionekane nimekuja bure, nikasimama kusoma maelezo chini ya picha. Yaliandikwa kwa Kiarabu, na mimi niliishia shule ya msingi. Picha moja ilinichukua chai nzima.

Nikaenda hivyo siku sita. Nilisoma kwamba kabla ya lifti ghorofa ya juu ilikuwa ya maskini, kwa sababu ya ngazi, na lifti zilipokuja matajiri wakahamia juu. Nilisoma kwamba tramu za umeme zilipofika, watu wakahamia mbali na viwanda, na mji ukawafuata hukohuko. Siku ya nne ilikuwa picha ya duka la nyimbo. Mtu anatia sarafu kwenye mashine, anaweka mirija ya mpira masikioni, anasikiliza. Jamaa akadhani napenda historia. Siku ya tano akaniletea mteja nimweleze. Nikamweleza lifti.

Siku ya saba nikasema.

"Ami, ile gramafoni si yangu. Ya bibi."

Akaweka kikombe chini. "Ulisema mara tatu, mwanangu."

"Nilipitisha hesabu."

Akafikiri. Akaniambia kwamba kumrudishia mtu alichokutunuku ni kumtia aibu, lakini kama hakikuwa chake, basi aje mwenyewe mwenye kitu. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo desturi, nayo pia nilikuwa nikiijua.

Kwa hiyo ikabidi nimwambie bibi. Nilimwambia siku aliyorudi, kabla hajakaa. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama sahani iko salama. Nikasema iko. Akaniambia niite teksi.

Mkahawani alimsalimia jamaa kwa kirefu, akamuuliza watoto mmojammoja, akanywa kahawa. Kisha akainua kamba, akapita chini yake, akaujaribu mpini.

"Nani kaitia ufunguo?"

Jamaa akasema ni wafanyakazi, ili wateja wasikie.

"Wamezidisha. Kamani ya ndani itakatika. Nnaichukua."

"Ndiyo, mama," akasema, na akaibeba mwenyewe mpaka kwenye teksi.

Njiani bibi aliipakata. Akaniuliza wale watu wa kwenye picha wamejitia nini masikioni. Nikamweleza yote niliyosoma. Sijapata kumweleza mtu kitu kirefu hivyo.

"Duka moja, na kila mtu na wimbo wake?"

"Kila mtu na wake, bibi."

Akatazama nje kidogo. "Na hawakugombana?"

Nikasema hilo halikuandikwa.

Ijumaa aliitia ufunguo mwenyewe, polepole, akisikiliza kamani. Ikaimba kama kawaida. Sahani ilipokwisha akaifunika, akanigeukia, akasema mgeni yeyote akija na yeye hayupo, nimsalimie kwa dirishani.