Makofi ya Mama Balozi

Bernadeta alikuwa amechoka, na asikudanganye mtu kwamba ni uzee. Uzee ulikuwapo, magoti yalimlalamikia kila alipopanda vijia vya mawe vya Igogo, lakini kilichomchosha hasa ni mikutano. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, akiita mikutano tangu enzi za foleni ya sukari. Mkutano wa usafi, wa kipindupindu, wa mchango wa madawati, na mingine hata mwitishaji mwenyewe hajui ni wa nini. Kazi yake ilikuwa kupita mlango kwa mlango na filimbi, na watu wakishakusanyika, kuongoza makofi. Hilo la makofi ndilo lililompa sifa. Mtaa mzima wa Majabalini hapakuwa na mtu wa kuwapigisha watu makofi ya kilo kama Mama Balozi. Akisema "Kilo moja!" mikono yote inaitika, pa-pa-pa. Akisema "Kilo mbili!" hata waliosinzia wanaamka. Mgeni kuondoka bila makofi hayo ilikuwa aibu, na watu wa pale, jamani, kwa kuogopa aibu hawajambo.

Halafu vyama vingi vikaingia. Bernadeta akaambiwa kwamba sasa yeye ni balozi wa chama tu. Wa watu wote ni mwenyekiti wa mtaa, tena wa kupigiwa kura. Sawa. Akampigia kampeni Revocatus, kijana wa jirani aliyekula ugali kwake tangu hajaota meno ya mbele, na Revocatus akashinda. Watu waliyasikia hayo mabadiliko, wakaitika ndiyo, ndiyo, na kesho yake wakamletea Bernadeta ugomvi wao wa kuku na vyoo kama kawaida. Angefanya nini? Aliwasikiliza.

Mwaka ule neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu ni mwekezaji. Na mwekezaji wao akaja, Bwana Mihayo wa Sengerema, akitaka kujenga ghala la barafu la kuhifadhia minofu ya sangara. Mahali alipopapenda ni mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, juu ya jabali pana ambalo akina mama huanikia dagaa. Kija, binti yake Bernadeta, alianika hapo. Alikuwa mjane mwenye watoto, na jabali lile ndilo lililokuwa shamba lake na mshahara wake. Dagaa wa kwenye jabali hukauka safi. Waanike mchangani uone, mteja akiuma mara moja tu akasikia mchanga, harudi.

Jioni moja kabla ya mkutano wa kuliamua jambo hilo akina mama walikusanyika uani kwa Bernadeta, wakakubaliana. Kija atasimama aseme, na mwenyekiti akiitisha kura, wote kwa pamoja watasema hapana.

"Na wewe mama?" Kija aliuliza.

"Mimi nina mkono mmoja kama ninyi. Nitaunyoosha," Bernadeta alisema, akijisugua magoti.

Siku yenyewe uwanja wa shule ulijaa. Bwana Mihayo hakuwa mtu wa majivuno, na hilo ndilo lililoudhi zaidi. Alimwinamia Bernadeta mbele za watu, "Shikamoo mama," akaeleza habari za ajira na bomba la maji kwa upole kabisa. Kisha Kija akasimama.

"Hatukatai maendeleo," alisema. "Eneo tupu lipo kule juu, mgeni wetu ajenge huko, barabara inafika. Jabali ndilo linalotulisha. Mkilichukua, sisi tukaanike wapi? Vichwani?"

Watu walicheka, akina mama wakaguna kwa kukubali. Moyo wa Bernadeta ulijaa. Mwanangu huyu, alijisemea, nani alimfundisha kusema hivi?

Revocatus aliinamisha kichwa kwa heshima. "Dada Kija, hoja tumeisikia, na tutaipigia kura. Ila mgeni wetu anawahi pantoni ya kurudi kwao. Tumuage kwanza kiungwana. Mama Balozi, hebu mpe makofi ya kilo."

Bernadeta akainuka. Hakufikiri. Nani hufikiri akiambiwa mgeni anaondoka? "Kilo moja!" Pa-pa-pa. "Kilo mbili!" Uwanja mzima ukaitika, wazee, vijana, akina mama wa dagaa. Kija naye alipiga. Bwana Mihayo akapunga mkono, akaingia garini.

"Basi, ndugu wananchi," alisema Revocatus makofi yakiwa bado hayajapoa, "nawashukuru kwa kuridhia kwa kauli moja. Mkutano umefungwa."

Loo! Akina mama walipiga kelele, wewe, wewe, kura iko wapi! Lakini meza ilikwisha kubebwa, na wanaume walikuwa wakikung'uta suruali zao wakielekea nyumbani. Bernadeta alibaki amesimama, mikono bado ya moto.

Asubuhi alikwenda kwa Revocatus. Alimkuta anakunywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Revo, yale makofi nilimpigia mgeni."

"Mama yangu, ningejuaje? Mimi niliona watu wamefurahi. Na aliyeanzisha ni wewe."

"Unajua kabisa hatukuridhia."

"Wakubwa wa wilaya wakiniuliza nitasema nilichokiona," alijibu, akimsogezea kikombe. "Karibu chai."

Alitamani kummwagia hiyo chai. Badala yake alikaa kwenye kiti, kwa sababu miguu ilikuwa inauma, akamtazama mtoto aliyemlisha na kumpigia kampeni, na hasira ikamwishia njiani. Hata hasira inataka nguvu. Nyumbani Kija hakumlaumu. Alisema tu, "Hata mimi nilipiga, mama." Bernadeta angependa atukanwe.

Mabati yakazungushwa mwaloni. Kija akawa anaanika kando ya barabara, vumbi likaingia kwenye dagaa, wateja wakahama mmoja mmoja. Kila walipopeleka malalamiko waliambiwa mkutano ulikwisha kuridhia. Baada ya mvua za masika akina mama waliacha kwenda kulalamika, na Bernadeta akaacha kuwauliza.

Siku ya kufungua ghala Revocatus alimfuata mwenyewe, akisema bila Mama Balozi sherehe haiwi sherehe. Bernadeta alikwenda. Alikuwa amejiandaa safari hii. Maneno yalipokwisha na Revocatus akamwita, aliinuka polepole, akashika kiuno.

"Mgeni, karibu," alisema. "Makofi sipigi. Nilipiga mara moja kwa heshima, wakayageuza kura."

Akakaa, mikono ndani ya kanga. Watu waliangalia chini, na Bwana Mihayo akamgeukia Revocatus kama mtu asiyeelewa. Bernadeta alijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Kilo moja!"

Aliijua sauti kabla ya kugeuka. Kija alikuwa amesimama mstari wa mbele, pamoja na wanawake wengine walioajiriwa ghalani wiki ile, wamevaa makoti meupe na mabuti ya mpira. Hakuwa amemwambia mama yake kwamba amepata kazi hapo. Pa-pa-pa, watu wakaitika, wamepata ahueni. "Kilo mbili!" Aliyaongoza vizuri, kama alivyofundishwa, macho yake yakiwa kwenye ncha za mabuti.

Kule mezani Revocatus alikuwa akitazama huku na huku, nani anapiga, nani hapigi. Bernadeta akatoa mikono kwenye kanga, akampigia mwanawe makofi.