Goti la Danson Ekidor: kutoka viwanja vya Australia hadi lango la Riyadh

Saa kumi na mbili asubuhi, Riyadh. Gari jeupe linasimama langoni na Danson Ekidor anainama kumsalimu dereva. Anainama kuanzia kiunoni, mguu wa kushoto ameunyoosha kama gogo, kwa sababu goti hilo halikunjiki vizuri kabla jua halijapanda.

"Habari ya asubuhi, bosi," anasema. Anaangalia kibandiko kwenye kioo, anainua kizuizi. Gari la pili limeshafika. Anainama tena.

Kwa mtu mwenye urefu wa mita mbili na ushee, kuchungulia ndani ya magari kutwa nzima ni adhabu. Danson, mzaliwa wa Lodwar mwenye umri wa miaka thelathini na saba, amelinda makazi haya ya wageni kwa miaka mitano. Zamu ikiisha, basi la kampuni humrudisha Al-Shumaisi, kwenye chumba anachokaa na Wakenya wenzake.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kwamba mlinzi huyu aliwahi kulipwa kucheza mpira Australia.

Si kandanda tuliyoizoea. Mpira wao una umbo la yai, na hushikwa kwa mikono. Mchezo ukianza, refa huubamiza chini ukadunda juu, na wachezaji wawili warefu, mmoja wa kila upande, huruka kuugombania hewani ili wauchape kuelekea kwa wenzao. Mrukaji huyo huitwa rakman. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Danson.

"Nilikuwa nacheza voliboli Nakuru. Mzungu fulani akaja kutafuta vijana warefu," anakumbuka. "Akaniuliza kama naogopa kugongwa. Nikamwambia mimi nimelelewa na ngamia."

Klabu moja ya Melbourne ilimchukua. Misimu miwili alikaa timu ya akiba akijifunza. Wa tatu akapandishwa, na mashabiki wakaanza kulitaja jina lake, ingawa walilivuruga. Kisha, katika mechi ya mvua, mpinzani akamwangukia gotini.

"Daktari wa timu alinidunga sindano ya ganzi. Kocha akauliza, 'Unaweza kurudi?' Nikasema naweza. Ningesema nini? Nilikuwa mgeni, na mkataba ulikuwa unakaribia kuisha."

Alirudi uwanjani, akaruka, na alipotua goti likaachia kabisa. Alipasuliwa mara mbili. Mkataba haukuongezwa. Alirudi Kenya akakuta hata voliboli haimtaki tena, akaoa, akapata mtoto, na kazi iliyompokea ikawa ya ulinzi.

Siri yake ilifichuka mwaka jana. Mpira wa umbo la yai uliruka ukuta wa kiwanja cha makazi hayo ukaelekea kioo cha gari. Danson aliuchapa kwa kiganja ungali hewani. Mhandisi wa Kiaustralia aliyekuwa akiufuata alisimama akamkodolea macho.

"Umejifunzia wapi hiyo?"

Danson alimweleza. Wiki haikupita kabla ya kuombwa aichezee timu ya Waaustralia wa Riyadh dhidi ya wenzao wa Jeddah.

"Nilifurahi, siwezi kukudanganya. Nilijiona mtu tena," anasema.

Msimamizi wa walinzi alimpa ruhusa, lakini kwa onyo: "Rudi mzima. Ukichechemea, mafi kazi, huna kazi tena."

Jeddah ilikuwa na joto la kunata. Danson aliruka, akamzidi kijana wa upande wa pili, akaruka tena. Hadi mapumziko Riyadh walikuwa mbele, lakini goti lilikuwa limevimba hadi soksi ikambana. Rafiki yake Bonface, dereva anayeishi mtaa wa Al-Baghdadiyah mjini humo, alimletea barafu kwenye mfuko wa plastiki.

Mhandisi akaja, akachuchumaa mbele yake. "Danson, kipindi kimoja tu. Unaweza kurudi?"

Danson anasema aliposikia maneno hayo masikio yalimlia. Alilitazama goti. Akawaza lango, zamu ya kesho yake, na watu wanaomtegemea nyumbani.

"Halas," akajibu. "Siwezi."

"Mimi nilijua atarudi," anasimulia Bonface kwa simu. "Huyu jamaa hajui kukataa. Nikamwona anafungua kamba za viatu. Nikasema, haki leo mzee ameamua."

Riyadh walifungwa. Kwenye basi la kurudi mhandisi alimpisha Danson kiti cha mbele ili anyooshe mguu. Danson alilala njia nzima. Asubuhi alikuwa langoni, akitembea polepole ili msimamizi asione kitu.

"Nimechoka," anasema, akijisugua mafuta kitandani. "Mwili huu umetumiwa na watu wengi."

Ameshamwambia kafili, mwajiri anayemdhamini, kwamba ikama yake, kibali cha ukaazi, ikiisha hatasaini tena. Nyumbani, binti yake Valentine, aliyeanza kidato cha kwanza, ameteuliwa timu ya voliboli ya shule. Risper, mke wa Danson, alituma video ya mechi. Wenzake chumbani walishangilia jinsi msichana anavyopaa juu ya wavu. Danson hakushangilia. Alirudisha video nyuma akatazama miguu ya binti yake ikifika chini: mmoja mmoja, goti limekaza.

"Kuruka anajua, amezaliwa nako," anasema. "Nikifika Lodwar, hata kabla sijaoga, namwita uwanjani. Namfundisha kutua."