Ramani Ile Ile, Mara ya Saba

Fundi saa alikuwa amemwapia dada yake: akishindwa mara ya saba, mchezo wa vita anaufuta kwenye kompyuta. Mara sita alianza kwa kujenga ukuta kando ya mto, na mara sita jirani wa ng'ambo, aliyeendeshwa na kompyuta, aliubomoa akauteketeza mji.

"Jenerali, ramani ni ile ile, utachapwa vile vile," dada alimcheka.

Safari hii, mchezo umeshaanza lakini hajaweka hata jiwe, mteja aliingia dukani na saa iliyosimama. Fundi akainama kuitengeneza, mchezo akausahau. Alipoinua macho, jirani alikuwa ameshavuka mto na mikokoteni ya ngano, akiomba wafanye biashara.

"Dada, njoo uone," alinong'ona, bisibisi ingali mkononi. "Kumbe siku zote alikuwa anauogopa ukuta wangu!"